Gari Linapojifunga Lenyewe

Ukiegesha gari kwenye mteremko, ukazima injini, ukashuka kwenda dukani, nani analishika lile gari huku nyuma? Zamani jibu halikuhitaji mwanafalsafa. Ulilishika wewe. Mkono wako ulivuta hendibreki, hendibreki ikavuta waya, waya ukakaza breki za magurudumu ya nyuma, na hata ulipokuwa dukani unahesabu chenji, kazi ya mkono wako ilikuwa bado iko pale. Siku hizi unagusa kitufe chenye herufi P ndani ya duara, unasikia kimota kinalia kwa nyuma, kwisha. Na yapo magari ambayo hata kitufe hugusi. Unazima tu, linajifunga lenyewe.

Wengi wanalichukulia jambo hili kama suala la mapenzi: wazee wanapenda ya kuvuta, vijana wanapenda ya kitufe, basi, kila mtu na lake. Mimi naona kuna swali la maadili limejificha humo, na limeshaanza kuwagharimu watu hela. Nieleze hela zenyewe ni za nani.

Mtaani kwetu kuna dereva wa nyumbani, yule anayepeleka watoto shule asubuhi, mchana anampeleka mama mwenye nyumba sokoni, jioni anamfuata mzee kazini. Miaka mitatu ameendesha gari moja tu la bosi, otomatiki, la kujifunga lenyewe. Mwaka jana bosi akaleta pikapu ya zamani kutoka shamba na kumtuma akachukue saruji. Kijana akaipaki kwenye kimteremko cha duka la vifaa vya ujenzi, akazima, akaiacha bila gia, akaingia ndani kulipia. Pikapu ikatulia kidogo, kama inayofikiria, halafu ikaanza kushuka taratibu ikaenda kuegemea banda la mama ntilie. Mtu hakuumia, tushukuru. Lakini sufuria mbili za maharage, meza, benchi na bati za banda vilikwenda. Bosi akamlipa yule mama siku hiyohiyo, kisha akaanza kumkata kijana mshahara. Miezi minne.

Kijiwe kiligawanyika. Wa kwanza walisema dereva ni dereva, gari likitembea bila mtu kosa ni la aliyelipaki. Mzee mmoja aliyeendesha malori ya masafa tangu ujana wake akasema, kwa ukali kidogo, kwamba dereva asiyevuta hendibreki hana tofauti na mpishi anayetoka nyumbani bila kuzima jiko. Wa pili wakasema mkosaji ni bosi, maana kamkabidhi mtu gari asilolijua. Wa tatu, nao walikuwa wawili tu, wakasema mkosaji ni lile gari jipya. Hao walichekwa sana, kwa sababu gari jipya siku hiyo lilikuwa nyumbani limefunikwa turubai. Unawezaje kulishtaki gari ambalo halikuwepo?

Mimi sikucheka, kwa sababu ya maneno aliyoniambia yule kijana mwenyewe siku chache baadaye. Nilimuuliza tu, bila kumlaumu, kwamba ilikuwaje ukasahau. Akasema: "Kaka, sikusahau. Kusahau ni pale unapojua kuna kitu bado. Mimi mwili wangu ulikuwa umeshamaliza."

Sijasikia mtu akilieleza jambo hili vizuri kuliko hivyo. Tukisema mtu kasahau, tunafikiria kazi iliyokuwa kwenye orodha yake ikaruka. Kwa huyu, kazi ilikuwa imetolewa kwenye orodha. Miaka mitatu, mara kumi au ishirini kwa siku, alizima gari na gari likamalizia. Mwili ukajifunza kwamba kuzima ndiko kuegesha. Aristotle alifundisha kwamba tabia njema haizaliwi nasi wala haiji kwa kuisoma, inajengwa kwa kuitenda mara nyingi mpaka iwe sehemu ya mtu. Kama ni kweli, basi na kutotenda mara nyingi kunajenga kitu chake. Wale wawili waliochekwa kijiweni walikuwa wanasema hivyo kwa lugha yao: gari jipya halikuwepo dukani, lakini mazoea lililoyafundisha yalikuwepo, yameketi kwenye usukani wa pikapu.

Sasa turudi kwenye lawama. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Mwingereza Bernard Williams na Mmarekani Thomas Nagel, walijadiliana kuhusu kitu walichokiita bahati katika maadili. Cha kufurahisha ni kwamba wote wawili, katika mifano yao, waliishia barabarani. Williams alimfikiria dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote lake. Alisema dereva huyo atahisi kitu ambacho mpita njia hatakihisi, na sisi wenyewe tutamshangaa akijifuta vumbi na kusema si kosa langu, tuendelee. Nagel akasogea hatua moja: chukua dereva mwenye uzembe mdogo tu, mathalani hajakagua breki zake siku nyingi. Mtoto asipotokea barabarani, uzembe ule ni jambo dogo, hakuna atakayeujua. Mtoto akitokea, uzembe uleule, kwa kipimo kilekile, unamfanya awe mtu aliyeua. Yeye hakubadilika. Kilichobadilika ni mtoto kuwepo au kutokuwepo.

Hendibreki ndiyo mfano wa Nagel tunaokutana nao kila siku. Piga hesabu ya watu wanaopaki bila kuivuta, hasa wa otomatiki wanaoweka P na kushuka. Ni wengi mno. Pale Kariakoo tambarare hakuna linalotokea, kwa hiyo hatuwaiti wazembe. Mpeleke mtu huyohuyo Lushoto, barabara zile zinazojikunja kwenye Usambara, apaki kwa mtindo uleule, ndipo jina lake libadilike. Kijana wetu alikatwa mshahara kwa sababu ya uzembe wake, au kwa sababu mama ntilie alikuwa chini na si juu ya duka?

Ukilitazama hivyo, mtu aliyebuni hendibreki ya umeme alikuwa na wema ndani yake. Alitaka kupunguza hiyo bahati. Magari ya kwanza kutoka kiwandani nayo yalikuwa ya wakubwa. BMW ya daraja la 7 iliyotoka mwaka 2001 ni miongoni mwa yaliyotangulia. Kisha ikashuka kwenye magari ya watu wa kawaida, na kwa kuwa sisi tunayapokea magari yakiwa yameshatumika Japani, wimbi limetufikia kwa kuchelewa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, ndiyo maana huko wimbi limekuja kwa kasi zaidi. Kwa ndani ni kitu rahisi. Kwenye magari mengi kila breki ya nyuma imebandikwa mota ndogo. Mota inazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni, pedi zinabana diski. Mota ikishazima, skrubu haiwezi kujirudisha yenyewe, kwa hiyo gari linabaki limefungwa bila kula umeme hata kidogo. Watu wengi wanadhani betri ikifa breki inaachia. Haiachii. Hilo tutalirudia, maana lina utamu na uchungu wake.

Nisiwe mtu wa kulilia zamani, kwa hiyo niseme wazi mazuri yake. Diski za breki zikitoka kwenye mteremko mrefu zinakuwa za moto. Zikipoa zinasinyaa kidogo, na ule mbano ulioukaza kwa mkono unalegea. Ndivyo gari lililotulia dakika kumi linavyoweza kuanza kutembea wewe ukiwa umeshaagiza chai. Mkono ulishaondoka, haujui kinachoendelea. Baadhi ya mifumo ya umeme inalijua hilo na inarudi kukaza tena baada ya muda, kimya kimya. Hakuna dereva mwema kiasi cha kuacha chai yake kila baada ya dakika tano akakaze hendibreki. Halafu kuna suala la nguvu. Bibi mwenye vidole vya baridi yabisi anabana gari sawasawa na kijana wa mazoezi, kwa kidole kimoja. Kwa hendibreki ya kuvuta, usalama wa watu waliopo chini ya kilima ulitegemea misuli ya aliyepo juu. Sioni kwa nini tuuite utaratibu huo bora kimaadili.

Na ukiniambia kwamba mkono una heshima yake, nitakuuliza: mkono wa nani? Sisi tunaosifia mkono mara nyingi tunafikiria mkono wetu, umetulia kwenye gari dogo lenye kiyoyozi. Nenda Kitonga, kule Iringa, au Sekenke upande wa Singida, utazame lori likifa katikati ya kilima. Kinachoshika lori pale kwa dakika za mwanzo ni utingo. Anaruka chini na jiwe au kipande cha gogo, anainama karibu na tairi lenye tani ishirini na kitu nyuma yake, anatega. Akichelewa au akiteleza, tunajua. Yule ndiye hendibreki ya mkono kwa maana kamili ya neno, na mshahara wake unaujua. Mashine yoyote inayompunguzia mtu yule kuinama pale, mimi naipigia makofi.

Tena jiwe lenyewe lina kesi yake. Lori likishapata nguvu linaondoka, na jiwe linabaki barabarani. Usiku anakuja wa pikipiki. Usalama wa mmoja umegeuka mtego wa mwingine, na aliyeacha jiwe hatajua maishani mwake kama jiwe lake lilimpata mtu. Sijui kama Nagel aliwahi kupanda Sekenke, lakini mfano wake ungekuwa mzuri zaidi kwa jiwe kuliko kwa breki. Utingo mzuri nimemwona mara moja akikimbilia lori likiwa linaondoka, jiwe kabeba kifuani, analitupa korongoni kwanza ndipo anadandia. Dereva anapiga honi ya kumharakisha. Hakuna taa ya dashibodi itakayomkumbusha mtu hilo.

Kwa hiyo swali si mkono dhidi ya mashine. Tatizo langu na kitufe ni jingine, na kuna kifo kimoja kinachonisaidia kulieleza. Tarehe 19 Juni 2016, Los Angeles, mwigizaji Anton Yelchin, yule aliyecheza kama Chekov kwenye filamu za Star Trek, alikutwa amekufa nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 27. Gari lake, Jeep Grand Cherokee ya mwaka 2015, lilirudi nyuma kwenye mteremko wa njia ya nyumba na kumbana kwenye nguzo na uzio. Miezi miwili kabla, Aprili, kampuni ilikuwa imetangaza kuyaita magari kiasi cha milioni 1.1 kwa ajili ya tatizo la gia yake. Hii ilikuwa gia, si hendibreki, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Gia ile ilikuwa ya umeme. Ukiisukuma kwenda P au R, mkono wa gia unarudi katikati ulipokuwa. Kila mara unarudi palepale. Ili kujua gari liko kwenye nini, lazima usome taa. Watu walikuwa wanashuka wakiamini wameweka P, kumbe sivyo. Dawa iliyotolewa ilikuwa programu: mlango wa dereva ukifunguliwa na gari halijawekwa P, gari lijiweke lenyewe.

Tazama kilichotokea hapo. Hendibreki ya kuvuta ina mkao. Ikiwa juu imefunga, ikiwa chini imeachia, na unaweza kuiona kupitia dirishani hata kama gari si lako. Ukiivuta, yale meno yake yanakwambia kitu: ikipanda mpaka karibu na juu kabisa ndipo ishike, unajua waya umelegea au breki zimelika, na hukuhitaji fundi. Mkono ulitoa amri na papo hapo ukapokea ripoti. Kitufe kinapokea amri tu. Ripoti imehamishiwa mahali pengine, kwenye kitaa chekundu, tena kwenye magari yetu haya maandishi ya dashibodi ni ya Kijapani na kitabu cha maelekezo, kama kilikuja, nacho ni cha Kijapani. Isitoshe vitufe vyenyewe havikubaliani. Gari moja unavuta ili kufunga, jingine unabonyeza. Moja linajifunga ukizima, jingine halijifungi mpaka uliambie, na mengine yana kile kitufe cha pili cha kushikilia gari kwenye foleni, ambacho kwenye magari mengi inabidi ukiwashe upya kila unapoliwasha gari. Zote zinafanana kwa sura. Mtu anayeazima gari la shemeji yake Jumamosi hajui ameazima tabia gani.

Na dawa ya kampuni, ile programu, naikubali kabisa na bado inanisumbua. Mashine imefanya mkono uwe kiziwi, watu wakaumia, tukaiongezea mashine ili uziwi usiwe na madhara. Ni sawa. Lakini mtu akitoka humo na kuingia kwenye gari lisilo na programu, anatoka na uziwi wake. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge aliliandika hili mwaka 1983, akizungumzia watu wa vyumba vya kuendeshea mitambo: kadiri unavyomwondolea mtu kazi, ndivyo anavyopoteza ujuzi wa kuifanya, na bado siku mashine ikishindwa ni yeyeyule unayemgeukia. Alikuwa anafikiria viwanda. Pikapu ya shamba ingemtosha.

Watu wa pwani wanaipenda hadithi ya yule bedui aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kumtegemea Mungu, akaambiwa afunge kwanza ndipo ategemee. Inahubiriwa kama somo la kutokuwa mvivu, na ni sawa. Lakini kuna sharti ndani yake ambalo hatulisemi kwa sababu lilikuwa wazi mno kwa watu wa wakati ule: bedui anajua kama amefunga au hajafunga. Kamba anaiona. Ngamia wetu wa sasa anajifunga mwenyewe, mara nyingi, si mara zote, inategemea ametoka kiwanda gani na mwaka gani. Wajibu wa kufunga umepungua. Wajibu wa kujua umeongezeka, na huo ni mzito zaidi, kwa sababu haufanywi kwa mkono na hauna sauti.

Wajibu huo wa kujua hauwezi kuwa wa dereva peke yake. Kujua lazima mtu aambiwe. Hapa ndipo ninapoachana na mzee wetu wa malori ya masafa. Yeye alijifunza gari kama alivyojifunza kupika ugali, kwa kuangalia na kushika, na gari moja lilikuwa kama jingine. Mtu anayekabidhi ufunguo siku hizi anakabidhi na utaratibu mzima usioonekana. Mabosi wetu wengi wanakabidhi ufunguo kwa kuurusha. "Mafuta yapo, nenda." Dakika mbili za kusema "hii ni ya zamani, vuta hendibreki, tena iache kwenye gia" zingeokoa maharage ya mtu. Na si mabosi tu. Fundi wa chini ya mwembe anayebadilisha pedi za nyuma anatakiwa aliweke gari kwenye hali ya matengenezo kwanza, kwa mashine ya kusomea gari, ili mota zirudi. Akiisukuma pistoni kwa nguvu kama alivyozoea, anaweza kuua meno ya ndani, na gari likarudi kwa mwenyewe linaonekana zima. Anayeuza gari anajua hili. Anayeagiza anajua. Huko Gerezani kwenye maduka ya spea wanajua sana. Fundi ndiye anayelaumiwa.

Ningekuwa mimi hakimu wa kijiwe, kijana angekatwa mwezi mmoja, si minne. Angekatwa kwa sababu dereva anayepokea gari geni na haulizi ana sehemu yake, na kuacha gari la gia za mkono huru mlimani ni kosa ambalo hata mwanafunzi wa udereva anafundishwa. Ile mitatu iliyobaki ni ya bosi. Alinunua gari la kujifunga lenyewe kwa raha na usalama wa familia yake, akanufaika nalo miaka mitatu, na mazoea ya kijana ni sehemu ya alichokinunua. Huwezi kuchukua faida ya mashine ukamwachia mfanyakazi hasara yake. Halafu yupo mama ntilie ambaye kwenye mjadala wote hakuulizwa. Alilipwa sufuria, meza na bati. Wateja wake wa siku nne alizojenga banda upya, nani alilipa?

Nilisema nitarudi kwenye betri.

Kwenye malori na mabasi yenye breki za upepo, breki ya kuegeshea inashikwa na springi. Upepo ndio unaoiachia. Upepo ukivuja wote, springi inafunga magurudumu, lori halitembei. Ni wazo la ukoo wa breki za treni za George Westinghouse: mwaka 1872 alizigeuza hivi kwamba bomba likikatika, mabehewa yanafunga breki badala ya kuachia. Kwa maneno mengine, aliuliza kwanza kitu kikiharibika kiangukie upande gani, akachagua upande wa watu waliopo chini. Hakuna anayelalamika kwamba springi imemnyang'anya dereva utu wake. Hendibreki ya umeme haikuchagua upande. Umeme ukiisha inabaki ilivyokuwa: iliyofungwa imefungwa, iliyoachiwa imeachiwa.

Iliyofungwa imefungwa. Fikiria gari lililokufa betri kwenye geti la hospitali. Zamani hilo lilikuwa jambo la dakika moja: vijana wanne, mmoja dirishani kwenye usukani, wengine nyuma, moja mbili tatu, gari liko pembeni na gari la wagonjwa linapita. Hata mwenye gari asipokuwepo, kioo kikivunjwa mkono uliingia ukaachia hendibreki. Moto ukishika duka, magari yaliyopaki mbele yalivutwa na watu ambao hawakuwahi kuyaendesha. Gari lilikuwa la mtu, lakini lilikuwa na sehemu moja ambayo jirani angeweza kuishika siku ya shida. Sasa wasukumaji wapo, nia ipo, gari limeng'ang'ania lami kama lina kinyongo. Mpaka aje mtu wa kubusti, na mwenye ufunguo.

Kairo wana desturi inayohusiana na hili. Mji ule umebanana, watu wanapaki safu ya pili, wanaziba wenzao. Mstaarabu anayeziba haachi hendibreki imefunga. Anaiachia na gari analiacha bila gia, mahali tambarare, ili yule aliyezibwa akitoka alisukume mbele hatua chache, apite. Mlinzi wa maegesho naye anayasukuma siku nzima, yanasogea kama kete za bao. Kwao, kuacha gari likiwa limefungwa ndiyo ufidhuli. Sasa mtu huyo anunue gari la kujifunga lenyewe ukizima. Ataziba kama zamani, na safari hii hata akitaka kuwa mstaarabu, gari litakataa, au itabidi afuate hatua zilizoandikwa ukurasa wa mia na kitu wa kitabu ambacho hana. Baadhi ya magari ya mwanzo ya aina hii yaliwekewa waya wa dharura wa kuachia kwa mkono. Mengi ya mota kwenye magurudumu hayana, na sijaona mnunuzi anayeuliza. Tunauliza kilomita ngapi limetembea, na kama redio inashika stesheni zetu.